Fundi Aliyenusa Mabuti

Kabla sijasema lolote jema juu ya Fundi, niseme kwanza kwamba alinitia kinyaa. Alikuwa na mtindo wa kupima makali ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwa ukucha wa kidole gumba. Ukingo wa chuma ukishanolewa, hakuutazama wala kuupapasa kama watu wengine. Aliukwangulia ukucha, taratibu, mpaka unga mweupe wa ukucha wake ukadondoka mezani. Unga ukitoka, makali yapo. Usipotoka, anarudia tupa. Kisha aliupangusa ule unga kwa kiganja, na kwa kiganja kilekile akachukua kipande cha sambusa kilichokuwa kimekaa kando ya kopo la nta, akala. Nilifanya kazi naye majira sita ya baridi na sikuwahi kuzoea.

Duka letu lilikuwa Northfield, mtaa wa Birmingham, kati ya duka la miwani na kinyozi. Mbele tuliuza makoti, glavu na kofia ngumu; nyuma palikuwa na karakana, na huko Fundi ndiye aliyetawala. Birmingham haina mlima wala theluji ya kutegemea, lakini kila mwaka kuanzia Oktoba watu waliingia wakiwa wameshakata tiketi za Ufaransa na Austria, wakitaka ski mpya. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusoma. Nilianza kusimama kaunta Ijumaa na Jumamosi, na nilipomaliza masomo na karatasi zangu zikakaa sawa, nikaajiriwa wiki nzima. Theluji nilikuwa nimeiona ndani ya friji tu.

Tulikuwa wawili pale tuliojua Kiswahili. Changu cha Nakuru. Chake cha Eastleigh, kilichokaa Norwei miaka kumi na miwili na kurudi na baridi ndani yake. Alikozaliwa na ukoo wake sitasema, maana mwenyewe alichukia kuulizwa. Msomali mwenzake akianza kumdadisi yeye ni mtoto wa nani, alimjibu kwa kumwuliza anavaa kiatu saizi ngapi. Ufundi aliupata Norwei, kwenye karakana ya kijiji cha milimani alikopelekwa kama mkimbizi. Aliniambia hakuichagua kazi ile. Ndiyo iliyokuwa karibu na kituo cha basi.

Bordesley Green, alikokuwa akiishi, majirani na watu wa msikitini kwake walijua kwamba yeye ni seremala. Nilishtuka nilipogundua, kwa sababu nilishamsikia mara nyingi akiwalaani waongo. Nikamwuliza kwa nini asiwaambie ukweli.

“Nikiwaambia natengeneza mbao za Wazungu za kutelezea,” alisema, “wataniuliza mtu mzima anateleza aende wapi. Na mimi jibu sina, dada.”

Kuhusu mabuti. Mteja aliyetaka vifungio vipya, vile vinavyoshika buti kwenye ski, alilazimika kuleta mabuti yake ili soli ipimwe, na mabuti ya ski, kwa asiyeyajua, ni ndoo mbili za plastiki zenye sponji ndani, ambazo mtu hutokwa jasho humo wiki nzima kisha huzifungia stoo mwaka mzima. Mimi nilikuwa nayapokea nikiwa nimeziba pumzi. Fundi aliichomoa sponji, akaingiza pua ndani kabisa, akavuta. Mara ya kwanza nilipomwona, nilikimbilia choo cha wafanyakazi nikatema mate. Aliponiona nimerudi na macho ya machozi alinieleza bila kucheka kwamba mteja ataandika chochote kwenye kadi, lakini sponji haijui kuandika. Jasho la mtu anayeteleza kweli hukolea mbele, kwenye vidole, likageuka siki. La anayekaa hotelini akinywa mvinyo wa moto haliko hata kidogo. Buti lake hunuka duka. Akishanusa, alijifuta pua kwa mkono wa shati na kutangaza hukumu yake kwa Kiswahili, mteja akiwa amesimama palepale anatabasamu: huyu hajui kitu, huyu anajua kidogo na ndiyo hatari, huyu ana ukungu wa miguu, usimguse.

Chini ya jina na anwani, kadi yenyewe ilikuwa na maswali machache. Uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti, na mtu huteleza vipi: kwa uangalifu, wastani, au kwa nguvu. Kutokana na majibu hayo ilipatikana namba moja, na namba hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye kifungio kwa kugeuza skrubu. Namba ikiwa ndogo mno, ski hukutoka ukiwa kwenye kasi. Ikiwa kubwa mno, unaanguka, mguu unajipinda, na ski haitoki. Kitakachotoka ni goti.

“Kifungio kina kazi mbili,” Fundi alipenda kusema. “Kushika na kuachia. Kushika kila mtu ananunua. Kuachia hakuna anayeulizia.”

Na watu walidanganya. Wanawake walijipunguzia kilo, wanaume walijiongezea ustadi, na wote walifanya hivyo wakinitazama machoni. Niliona wanaume waliojifunza juzi wakitia alama kwenye “kwa nguvu” wakiwa wamesimama na wake zao. Hapo mwanzo niliwaonea huruma. Baada ya msimu wa pili, kila nilipoona kalamu inasita juu ya kisanduku cha uzito nilisikia kichefuchefu kilekile cha mabuti. Fundi aliniambukiza. Hilo sikumshukuru.

Maana ulimi wake ulikuwa mchafu kuliko mikono yake. Siku moja alikuja dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye, nesi kutoka Eldoret, aliyekuwa amealikwa na wenzake wa wodini kwenda Austria. Mimi ndiye niliyemwelekeza dukani, na alikuja amevaa vizuri, amefurahi, hajawahi kununua kitu cha namna ile maishani. Fundi alisoma kadi, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwambia kwa Kiswahili na kwa sauti kwamba ameacha kilo kumi na mbili nyumbani na mlima utazitafuta. Yule dada aliingia chumba cha kujaribia nguo akakaa humo hadi nilipomfuata. Alinunua kofia tu akaondoka, na kanisani akaniambia fundi wenu hana adabu. Sikumtetea. Kilo zilikuwa kweli zimepunguzwa, nilizikisia mwenyewe. Lakini alikuwa mkweli na mkatili kwa pumzi moja, na sijaona mpaka leo kwa nini mambo hayo mawili yaende pamoja.

Mwenye duka alikuwa kinyume chake kabisa. Alinuka peremende, alikumbuka majina ya mbwa wa wateja, na hakuna aliyemchukia ila sisi tuliojua karakana. Ski zilizorudishwa, ambazo zilishatobolewa kwa ajili ya vifungio vya mtu mwingine, alitaka matundu yazibwe kwa vijiti vya plastiki, yabandikwe stika juu, na ziuzwe kama mpya. Jumamosi moja, duka limejaa, Fundi alitoka karakana amebeba jozi ya namna hiyo, akaiweka kaunta mbele ya mteja aliyekuwa amefungua pochi, akabandua stika moja baada ya nyingine kwa ule ukucha wake hadi matundu yote manane ya kila ski yakaonekana. Alirudi ndani akawasha redio. Mwenye duka alicheka, akaomba radhi kwa mteja, akasema ni kosa la stoo. Hakumfukuza. Wateja waliojua ski walitoka mbali kwa ajili ya mikono ya mtu yule, wala si kwa ajili ya peremende.

Kitu kimoja alinifanyia ambacho sina budi kukieleza kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonifunza kazi.

Msimu wangu wa nne, kiwanda kimoja kilimpa kila mfanyakazi jozi ya ski za mwaka uliopita, achague mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuteleza kwenye ukumbi wa theluji ya ndani, nje kidogo ya mji. Fundi alinipeleka mwenyewe mara ya kwanza, akinung'unika njia nzima, maana alichukia theluji; alisema ni maji yaliyokosa adabu. Kisha akavaa ski akateremka, na kelele za ukumbi mzima zikanipotea. Mtu yule aliyeburuta miguu karakana kutwa nzima alishuka kama maji yanayofuata mfereji. Alipofika chini alivua ski, akafuta theluji kwenye suruali kwa uso wa kuchukizwa, akaenda kununua chai.

Basi nikachagua. Nilitaka ski pana, za kuteremkia theluji laini ambayo mashine haijaisawazisha. Dukani tuliziita friraidi. Nilipenda jozi moja ya bluu, imechorwa tai, ndefu kunipita kichwa kwa kiganja. Fundi aliisimamisha kando yangu akaniuliza mwaka ule nimeanguka mara ngapi. Nikasema sikumbuki. Akasema itakayozikumbuka ni hiyo ski, na itanilipizia. Ilikuwa ngumu, ina mabati mawili ndani, inataka mtu wa kilo tisini anayeipiga ngumi. Aliikunja mkia kwa goti nione isivyokubali kukunjika. Akanivutia nyingine kutoka chini ya rafu, fupi mpaka kwenye nyusi, pana chini ya mguu lakini si pana mno, pua imeinuka ili isizame, na rangi yake ilikuwa ya kohozi la mgonjwa. Sitilii chumvi. Kijani cha kohozi, na madoa ya kahawia.

“Siitaki,” nikamwambia. “Inanitapisha.”

“Ukiwa juu yake huioni.”

Nikaichukua kwa hasira. Kisha akanifanya niifungie vifungio mwenyewe, na kazi ile ilichukua alasiri nzima. Alianza na kifungio chenyewe: breki zake, ile mikono miwili ya kuzuia ski isikimbie, lazima iwe pana kuliko ski kwa kiasi kidogo tu; ikiwa pana mno itakwaruza theluji, ikiwa nyembamba haitashuka. Tukapima soli ya buti langu, tukatafuta mstari wa katikati ya buti, tukaulinganisha na alama ya kiwanda kwenye ski. Nilitaka kusogeza mbele kidogo kwa kuwa nilisikia vijana wa dukani wakisema ski hugeuka upesi ukikaa mbele. Akaniambia aliyeitengeneza ile ski alikaa nayo mwaka mzima, mimi nimekaa nayo nusu saa, na adabu ni adabu hata kwa mbao. Tukabandika karatasi ya gundi, tukatia alama kwa penseli, tukapima, akaniambia pima tena, nikapima, akaniambia pima tena.

Kutoboa ndiko kulikonitisha. Keekee ilikuwa na pete ya kuizuia isipite kina kilichotakiwa, maana ukipitiliza kidogo unatokea upande wa pili, kwenye uso unaoteleza, na ski imekufa. Alisimama nyuma yangu. Kwapa lake lilinuka nta na vitunguu. Nilitoboa tundu la kwanza, unga wa mbao ukatoka na harufu kama ya mkate ulioungua, na hakusema kitu, nikajua limekuwa zuri. Tulitia tone la gundi kila tundu ili maji yasiingie, tukafunga skrubu kwa mkono kwa kupishana, moja huku, moja kule. Mwisho tukarekebisha kisigino kilisukume buti mbele kwa kiasi, tukaweka namba. Namba yangu ilikuwa tano. Nilivaa buti, nikaingia kwenye ski palepale sakafuni, akaniambia nipige mguu pembeni kwa nguvu. Nikapiga. Kifungio kikaniachia kwa mlio mmoja, nikamwangukia kifuani. Alinisukuma kando kama gunia na kujipangusa.

Sijapata kuona ski iliyonitii kuliko ile. Nayo ilikuwa na sura mbaya, mbaya kabisa, hadi siku niliyoigawa.

Sasa nije kwa lile lililotutenganisha.

Msimu wa sita alikuja mteja mmoja mrefu, sauti kubwa, mwalimu wa shule mahali fulani upande wa pili wa mji. Alikuwa anakwenda Ufaransa na marafiki. Alitaka friraidi pana kuliko zote na vifungio vya bei juu, na kwenye kadi akajitia “kwa nguvu”. Fundi alinusa mabuti. Sponji ilikuwa ngumu kama ilivyotoka kiwandani, na soli haikuwa na mkwaruzo. Alimhoji kwa Kiingereza chake kifupi, kisha akahesabu kwa jinsi alivyomwona, akaweka sita na nusu, akaandika kwenye kadi, akatia sahihi.

Siku tatu baadaye mteja alirudi. Rafiki yake alikuwa na tisa. Alisema hakununua vifungio vya namna ile ili vimwache katikati ya mlima kama mtoto. Fundi alimweleza kwa utaratibu ambao sikuutarajia kwake, hata akamchorea mfupa wa mguu nyuma ya risiti. Mteja akasema atafikiria. Fundi akaniambia tukiwa wawili kwamba mtu huyu akija tena, aambiwe arudi yeye akiwepo.

Alikuja tena Ijumaa, saa saba mchana, Fundi akiwa msikitini. Mwenye duka alimkaribisha, wakacheka pamoja, kisha akanijia na ile jozi mikononi. Aliniambia mteja ni mtu mzima, anajua anachotaka, nigeuze tu. Nikasema Fundi amekataza. Hakukasirika. Aliniuliza, kwa upole uleule wa peremende, kama bado naitaka ile nafasi ya usimamizi wa duka tuliyoizungumza, maana msimamizi ni mtu anayejua kumsikiliza mteja.

Bisibisi ilikuwa mezani. Niligeuza skrubu nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, nikiangalia mshale unavyopanda kutoka sita na nusu kwenda tisa, na nilijua ninachofanya kuliko mtu yeyote katika duka lile, kwa sababu nilifundishwa na anayejua. Kisha nikachukua kadi. Ningeweza kuandika kadi mpya kwa jina langu. Nilifuta sita na nusu, nikaandika tisa, juu ya sahihi ya Fundi.

Fundi aliporudi sikumwambia. Alikuja na pilau ya msikitini kwenye mfuko wa plastiki, akanigawia, nikala.

Habari ilifika kabla ya mwezi kwisha. Yule mwalimu alianguka kwa mwendo wa polepole, mahali pa wanaojifunza. Ski ilizama, haikutoka. Goti lilichanika na mfupa wa chini ukavunjika mahali pawili. Ndugu zake waliandika barua dukani. Mwenye duka alituita ofisini, akaweka kadi mezani, akamwuliza Fundi, kwa huzuni, kama ile ni sahihi yake.

Fundi aliinua kadi akaiweka karibu na macho. Alikuwa amesoma kadi zangu kwa miaka sita. Tisa yangu ina mkia uliopinda kushoto, nilifundishwa hivyo shule ya msingi na sijaiacha. Aliitazama ile tisa, kisha akanitazama mimi, na sura ile naijua: ndiyo aliyoifanya akikuta soksi iliyooza ndani ya buti. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nikaufunga.

“Sahihi ni yangu,” akasema kwa Kiingereza.

Alikusanya tupa zake, akazifunga kwa kitambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Duka lilimaliza mambo na wale watu kupitia bima, kwa kueleza kwamba fundi mhusika ameondolewa. Jumatatu mwenye duka alinikabidhi aproni ya Fundi, yenye nta na harufu ya vitunguu, akasema mpaka apatikane mwingine mimi ndiye ninayeijua kazi. Niliivaa. Niliivaa miezi mitano, na kila asubuhi nilipoifunga kiunoni nilitaka kutapika, na niliifunga.

Usimamizi nilipewa, nikaacha mwenyewe mwaka uliofuata. Sasa ninafanya kazi ya kutunza wazee. Ninasafisha vitu ambavyo Fundi asingevigusa, wala havinitii kinyaa.

Miaka mitatu ilipita. Mwaka huu, Jumamosi moja asubuhi, nilikwenda mtaa wa Alum Rock kutafuta kitambaa cha pazia kwa ajili ya mmoja wa wazee wangu. Nyuma ya duka la vitambaa palikuwa na kijichumba, na ndani yake kulikuwa na vyerehani vilivyofunguliwa matumbo, na Fundi kati yao, amevaa miwani ambayo hakuwa nayo zamani. Alikuwa anaweka sindano. Mwenye duka la vitambaa alimwita “Ustadh cherehani”. Nilitaka kuondoka. Akaniona.

“Dada,” alisema. “Unatafuta nini?”

Nikasema pazia. Akasema pazia ziko mbele. Sikusogea. Nikaanza ile sentensi niliyoifunga mdomoni miaka mitatu, nikaisema yote: bisibisi, skrubu nne, kadi, tisa. Nikamwambia nimejua siku zote kwamba alinisitiri, na kwamba sina neno la kumshukuru.

Aliacha sindano.

“Sikukusitiri. Usijipe hiyo. Nilikuonea kinyaa, nikaona nikibishana mle ndani nitazidi kujipaka uchafu. Nikatoka.”

Nikasema ninaelewa. Nikasema sipati usingizi mzuri tangu siku ile, nimeomba, nimemweleza mchungaji, nimeacha kazi ile, na bado. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa uvumilivu, kama alivyomsikiliza yule mteja siku ya kumchorea mfupa.

“Na mwenyewe anatembea?” akauliza.

“Nani?”

Alisubiri nielewe, nikaelewa, na damu ikanipanda usoni. Katika miaka mitatu ya kuomba na kutubu sikuwahi kuuliza. Sikujua kama yule mtu alirudi shule kufundisha, kama alikatwa mguu, kama yu hai. Nilikuwa nimelia juu ya nafsi yangu tu.

Fundi alirarua kipande cha karatasi ya ruwaza, akaandika mtaa na namba ya nyumba. Alisema aliikariri kutoka kwenye kadi siku ile ofisini. Kisha akainamia cherehani, na nilipomwuliza nikamwambie nini huyo mtu, alisema yeye ni fundi wa vyerehani.

Nilikwenda papo hapo, kwa basi mbili, bila pazia. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu yenye ua mdogo mbele. Nilipobonyeza kengele nilisikia hatua zinakuja: moja, kimya, kitu kigumu kwenye sakafu, nyingine. Alifungua mlango kwa ufa. Alikuwa amekonda na ile sauti kubwa haikuwepo. Nilimwambia jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyegeuza skrubu na kubadilisha namba, na kwamba fundi aliyeweka sahihi hakuhusika.

Alishikilia fremu ya mlango. Akaniuliza kama nimetumwa na yule Msomali. Nikasema hapana, amenionyesha njia tu.

“Yeye alikuja mara nne,” alisema, “kabla sijamfungulia.”

Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza. Nilisimama kidogo pale uani, halafu nikaenda kituoni.

Jumamosi iliyofuata nilirudi.